Sufuria Ikizaa Itakufa: Kuhusu Hadithi Fupi za Kuchekesha Zenye Makali

Ndugu zangu waandishi, na nyinyi mnaotamani kuandika lakini bado mnajiita wasomaji tu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie majaribio yangu ya kuandika hadithi fupi za kuchekesha ambazo pia zinakata. Naomba nianze na hadithi mnayoijua wote.

Abunuwasi alikwenda kwa jirani yake kuazima sufuria. Akaitumia, na alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na sufuria nyingine ndogo. Jirani akauliza, "Na hii?" Abunuwasi akamjibu, "Sufuria yako imezaa." Jirani akapokea zote mbili, akashukuru, akaingia ndani. Siku nyingine Abunuwasi akaja kuazima tena, akapewa kwa mikono miwili. Safari hii siku zikapita, sufuria hairudi. Jirani akafuata chake. Abunuwasi akamwambia, "Pole sana, sufuria yako imekufa." Jirani akaja juu: tangu lini sufuria ikafa? Abunuwasi akamuuliza: kinachozaa hakifi?

Kila ninapoisimulia hadithi hii watu hucheka mara mbili. Hucheka sufuria inapozaa, halafu hucheka inapokufa. Lakini ukitega sikio utasikia kwamba vicheko hivyo viwili havifanani. Cha kwanza ni chepesi. Ni uongo mtamu, kila mtu anaujua ni uongo, na haumpotezei mtu chochote. Cha pili kinatoka kifuani, na mwisho wake huwa na kimya kidogo. Jirani hakudanganywa. Aliambiwa jambo lisilowezekana akalikubali kwa sababu lilimfaa, na siku lilipoacha kumfaa ndipo akakumbuka kwamba sufuria haina uhai. Sasa tazama mahali ulipokuwa wewe msikilizaji. Ulipoambiwa sufuria imezaa, ulipinga? Hukupinga. Ulitabasamu, ukataka hadithi iendelee. Na wewe ulipokea kile kisufuria.

Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo, na yote yatakayofuata ni kulizungukazunguka. Hadithi ya kuchekesha yenye makali humpa msomaji kisufuria kwanza. Humpa kicheko, naye kwa kucheka huwa amekubali jambo fulani bila kulipima. Amekubali kwamba mtu huyu ni wa kuchekwa, au kwamba jambo hili ni dogo. Halafu hadithi hurudi kumdai kile alichokubali. Makali yako kwenye kile kicheko cha mwanzo, ila msomaji alikuwa hajayahisi.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tunapoanza huyatafuta makali kwingine. Tunayatafuta kwenye maneno makali. Tunamwita mhusika mlafi, fisadi, mjinga, tunamvimbisha tumbo, tunampa jina la kuchekesha, kisha tunajisifu kwamba tumeandika kejeli. Msomaji anasoma, anatikisa kichwa, anakubaliana nasi, anafunga ukurasa akiwa salama salimini. Hakuna alichodaiwa. Alijua tangu sentensi ya pili kwamba anayechapwa ni mwingine. Maandishi ya namna hiyo yana kelele, na nisiwe mnafiki, mimi nimeyaandika mengi, lakini kisu chake ni butu.

Niwape mfano wa karibu, kutoka kwenye meza yangu mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilikuwa na wazo la mtu anayebandika matangazo. Anaishi kwenye jengo la ghorofa tatu, amestaafu, na kila wiki wapangaji wanakuta karatasi mpya ukutani: kuhusu mlango, kuhusu viatu ngazini, kuhusu taa. Herufi kubwa, mistari miwili chini ya neno muhimu, na lugha ya ofisini: "Imebainika kwamba." Nyote mnamjua mtu huyu. Rasimu ya kwanza ilitoka kwa siku moja, na ilichekesha. Kila tangazo lilizidi lililotangulia kwa upuuzi, hadi mwisho akabandika tangazo la kuwataka watu wasome matangazo. Nikawasomea marafiki, wakacheka, wakaniuliza habari za kazi, tukaendelea na mengine. Kufikia jioni hakuna aliyeikumbuka. Nikaifungia kwenye droo kwa nusu mwaka.

Kilichonirudisha ni swali moja: kwa nini anabandika? Katika rasimu ya kwanza jibu lilikuwa kwamba yeye ni mtu wa hivyo. Hilo si jibu. Hakuna binadamu aliye "mtu wa hivyo" anapokuwa peke yake usiku na gundi mkononi. Nikakaa na swali hilo siku kadhaa, na jibu lilipokuja lilinifanya niweke kalamu chini. Ana mke. Mke ameanza kupoteza kumbukumbu. Ndani ya nyumba yao kila kitu kina karatasi: hili ni jiko, hii ni swichi, hapa ni chooni. Matangazo ya ngazini yalikuwa ni ya ndani yaliyofurika yakatoka nje.

Basi nikaandika rasimu ya pili, nikaiharibu. Nilicheza na matangazo kurasa mbili, kisha kwenye ukurasa wa mwisho nikafungua mlango wa nyumba yao, nikamwonyesha mke, nikamwonyesha mume akilia, nikawaonyesha majirani wakiona aibu. Dada mmoja ambaye humpelekea rasimu zangu, msomaji mkali asiyenionea haya, alinirudishia na neno moja pembeni ya ukurasa: "Kaka, unanidai machozi ambayo sijakukopa."

Alikuwa amesema kweli tupu. Sikuwa nimempa kisufuria. Nilimpa vichekesho kwanza, kisha nikamgeuzia meza nikamtaka alie, kana kwamba vile vichekesho vilikuwa chambo tu. Kicheko na uchungu vilikuwa vimekaa kwenye vyumba viwili tofauti, na mimi nimesimama katikati nikifungua mlango.

Rasimu ya tatu ilinichukua miezi minne, na hadithi yenyewe ni kurasa tatu na nusu. Nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, nilimwondoa msimulizi aliyejua kila kitu, nikawapa usimulizi wapangaji wenyewe: "sisi". Sisi tuliona, sisi tulicheka, sisi tulipiga picha tukatumiana. Msomaji akiingia kwenye "sisi" huwa ameshaketi miongoni mwa wanaocheka kabla hajajua. Pili, na hili ndilo lililoiponya hadithi, nilirudi kwenye kila tangazo nikaliandika upya ili liwe linasema ukweli wote tangu mwanzo, bila mtu kuusikia.

Tangazo la kwanza sasa linasema hivi: "Mlango huu ufungwe wakati wote. Kuna mtu anaweza kutoka."

Wapangaji wanacheka. Wanadhani mzee amekosea kuandika, kwamba alikusudia "kuingia", maana mlango hufungwa kwa kumhofia mwizi anayeingia. Mmoja wao anachukua kalamu nyekundu, anakata "kutoka", anaandika "kuingia" juu yake. Msomaji hucheka pamoja nao, kwa sababu ni kosa la kuchekesha kweli. Tangazo la viatu linasema: "Viatu visiachwe ngazini. Si kila mtu anakumbuka kuinua mguu." Lingine linasema: "Anayepiga mluzi asubuhi aache. Kuna anayedhani anaitwa." Kila moja ni kichekesho, na kila moja ni barua ya mtu aliyeelemewa. Nyumba yao inapofunguliwa mwishoni, hakuna anayelia. Wapangaji wameingia kwa sababu ya maji yanayovuja, wanaona karatasi kila mahali, na juu ya kioo cha chumbani wanasoma: "Mume wako ni huyu mwenye miwani. Daktari naye ana miwani, lakini huja na mkoba."

Hadithi inaishia karibu na hapo. Nimewahi kuisoma mbele za watu mara kadhaa, na mstari ule wa miwani huleta kicheko, kisha kicheko hicho hukatika katikati. Watu hurudi kwenye tangazo la kwanza. Naona machoni mwao wakirudi kwenye ile kalamu nyekundu, kwa sababu na wao walikuwa wameishika.

Mwanafalsafa Mfaransa, Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alisema kwamba ili mtu acheke, moyo wake unapaswa kuwa kama umetiwa ganzi kwa muda. Ukimhurumia anayeteleza, humcheki. Naliheshimu sana wazo hilo, na kwa mwandishi wa vichekesho ni zana ya kazi: linaeleza kwa nini rasimu yangu ya pili ilikufa. Nilimwamsha msomaji kabla sijakata. Lakini Bergson alikuwa anaeleza kicheko, hakuwa anaeleza hadithi. Daktari hatii ganzi ili ganzi ibaki. Humtia mgonjwa ganzi ili apate nafasi ya kupasua, na ganzi ikiisha mgonjwa atajua mahali alipopasuliwa. Wahenga wetu walilisema hilo kwa ukali zaidi: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hiyo hutumika kuwaonya watu wanaotania kupita kiasi, nami sipingi. Ila kwangu mimi ni maelezo ya kazi. Jipu lipo tayari, na mzaha unalikuta.

Sasa niseme kuhusu ufupi, kwa sababu hadithi fupi ndiyo nyumba ya makali haya. Anton Chekhov, aliyezaliwa Urusi mwaka 1860 na kusomea udaktari, alianza kwa kuandika vichekesho kwenye magazeti ya mzaha ili kuilisha familia yake, na lile alilolifanyia kazi sana lilimwekea mpaka wa mistari kama 100. Ndani ya mipaka hiyo, mwaka 1883, aliandika kuhusu karani aliyepiga chafya kwenye ukumbi wa maonyesho, mate yakamrukia mkubwa mmoja aliyeketi mbele yake. Karani anaomba radhi. Mkubwa anasema si kitu. Karani anaomba radhi tena wakati wa mapumziko. Kesho yake anamfuata ofisini kuomba radhi. Keshokutwa tena. Mwishowe yule mkubwa, aliyekuwa amesamehe tangu chafya ya kwanza, anamfokea atoke. Karani anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi bila kuvua sare ya kazi, anakufa.

Hicho kifo kimekaa kwenye neno moja, mwisho kabisa. Hakuna maziko, hakuna mjane, hakuna maelezo ya jinsi jamii inavyowafanya wadogo waogope wakubwa. Na tazama kilichokufanya ucheke: ni ule woga wa karani, unaozidi kila aya. Kinachomuua ni huo huo woga. Chekhov hakuhitaji kuleta kitu kipya mwishoni, aliacha tu kile kilichochekesha kiendelee hatua moja zaidi. Nimejaribu njia hii mara nyingi kuliko zote. Nachukua jambo la kuchekesha, nalisukuma hadi mahali ambapo kwa kawaida ningeacha, kisha nasukuma mara moja tena. Mara nyingi hutokea upuuzi mtupu, natupa. Mara chache hutokea ukimya, na hapo najua nimefika.

Jambo jingine ni sauti. Mwanzoni nilidhani msimulizi wa hadithi ya kuchekesha anapaswa kuwa mcheshi. Nilijifunza kinyume chake kwa Jonathan Swift, ambaye mwaka 1729 alichapisha pendekezo kwamba watoto wa maskini wa Ayalandi, wakitimiza mwaka mmoja, wauzwe kwa matajiri wawe chakula. Anayependekeza hapigi kelele. Anafanya hesabu. Kila mwaka wanazaliwa watoto 120,000 ambao wazazi wao hawawezi kuwalea, 20,000 wabakizwe kwa ajili ya kuzaana, 100,000 wauzwe. Anatoa maoni kuhusu mapishi. Mwishoni anatuhakikishia kwamba yeye hana maslahi yoyote katika jambo hili, kwani mtoto wake wa mwisho ana miaka tisa na mke wake hazai tena. Kinachotisha ni adabu ile. Swift alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa watu halisi waliokuwa wakiwapigia maskini hesabu kama mifugo, naye akaichukua kama ilivyo, akaipeleka mahali ilipokuwa inaelekea.

Kwa hiyo siku hizi namwacha mhusika wangu awe makini kabisa. Mbandika matangazo hatanii hata mara moja. Laiti angetania, hadithi ingekufa papo hapo. Mtu anayejua kwamba anachekesha huwa amejikinga, na aliyejikinga hawezi kutuonyesha kitu.

Nataka kukaa kidogo kwenye lugha yetu, kwa sababu naona tunaitumia vibaya kwenye kazi hii ilhali imejaa visu. Chukua ngeli. Kwa silabi moja au mbili tu mtu anakuwa kijitu, au jitu. Mzee anakuwa kizee. Nyumba inakuwa kijumba. Mwandishi anayeanza huvamia hizo akazimwaga ukurasa mzima. Ushauri wangu ni kwamba mwandishi asizitumie kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwita mhusika wako kijitu, wewe ndiye uliyemdogosha, na msomaji anaona mkono wako. Mpe neno hilo mhusika mwingine alitumie bila kufikiri, kama vile meneja wa miaka 30 anapomwita mfagizi wa miaka 58 "kijana" na mfagizi akaitika. Hapo hujasema lolote, na wamesikia.

Kuna pia ile namna yetu ya kuficha mtendaji. Imebainika. Imeamuliwa. Hatua zitachukuliwa. Nani amebaini, nani ameamua, nani atachukua? Lugha hii hutumiwa na wakubwa kujificha, lakini katika hadithi unaweza kumpa mnyonge, na ghafla inakuwa ya kuchekesha na ya kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Mzee wangu anaandika "Imebainika kwamba taa ya ngazini huzimwa usiku" kwa sababu hawezi kuandika "naogopa".

Na kuna mkia wa sentensi. Kiswahili kinakuruhusu kuifunga sentensi kisha ukaifungua tena kwa maneno mawili matatu. "Alikuwa mtu mpole, asiyemwinulia mtu sauti, hasa wakubwa." Ondoa yale maneno mawili ya mwisho na una sifa ya mtu mwema. Yaweke, na una maisha yake yote. Nikihariri, kazi yangu nyingi ni kuhamisha maneno ya namna hiyo. "Hasa wakubwa" ukiliweka katikati ya sentensi linapotea. Ukiliongezea maelezo linakuwa mahubiri. Likae mwisho, peke yake, halafu nukta.

Naja sasa kwenye jambo ambalo ningependa kulikwepa. Nani akatwe?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi kuhusu mtu mwenye kigugumizi anayetaka kutoa posa. Niliipenda. Nilikuwa nimesikiliza kwa makini jinsi mtu wa namna hiyo anavyolizunguka neno gumu akatafuta jingine, na nilidhani usahihi huo ni heshima. Niliisoma mbele ya hadhira kubwa kiasi, wakacheka hadi nikalazimika kusimama mara mbili. Baadaye mtu mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi safu ya tatu alinifuata. Alichukua muda kuniambia, na sikumkatisha. Aliniambia, "Umenisikia vizuri, lakini hukunisikiliza." Akanipa mkono, akaondoka.

Sikuilinda hadithi ile, na sikuichapisha. Lakini niliirudia mara nyingi kutafuta kosa lilipokuwa, kwa sababu sikubali kwamba kigugumizi hakiguswi kabisa. Kosa lilikuwa kwamba kicheko kilianzia kwake na kikaishia kwake. Hakuna mtu mwingine aliyedaiwa. Wale waliokuwa wakimmalizia maneno, baba mkwe aliyetazama saa, hadhira yangu iliyocheka, wote waliondoka na kisufuria chao, na sufuria haikufa. Nilimchukua mtu ambaye tayari hulipa kila anapofungua mdomo, nikamlipisha tena.

Lu Xun, mwandishi wa China, alijua kuliandika hilo. Mwaka 1919 alichapisha hadithi ya kurasa chache kuhusu msomi aliyeshindwa mitihani, fukara, anayekuja kilabuni kunywa akiwa amevaa kanzu ndefu ya wasomi iliyochakaa, na kuzungumza lugha ya vitabuni. Kila akija, watu hucheka. Anaiba vitabu, wanacheka. Anajitetea kwamba kuchukua vitabu si wizi, wanacheka. Msimulizi ni kijana wa kilabuni, naye hucheka, kwa sababu msomi huyo akiwepo hata mwenye kilabu hamkaripii. Halafu siku moja msomi anakuja akijiburura kwa mikono, amevunjwa miguu. Wanacheka. Kisha haonekani tena. Mwenye kilabu anamkumbuka kwa sababu tu jina lake bado liko kwenye ubao wa madeni: sarafu 19. Mtu yule ni wa kuchekesha kweli, Lu Xun hakumpamba wala hakumfanya mtakatifu. Lakini kisu chote kimeelekezwa kwa wale wanaocheka. Ningeisoma hadithi hiyo kabla sijaandika ile ya kigugumizi, mtu wa safu ya tatu angeondoka usiku ule na neno jingine.

Hadithi ya mbandika matangazo ilitoka hapo. Sikulijua hilo nilipokuwa naiandika. Nimelijua nilipokuwa natayarisha maneno haya.

Mtaniuliza mjaribu vipi. Mimi hufanya hivi. Nikimaliza rasimu, naisoma kwa sauti mbele ya mtu mmoja, sisomi mbele ya kundi, maana kundi huambukizana kicheko. Naweka alama ya penseli kila anapocheka, na alama nyingine anapoacha kucheka. Ile ya pili ndiyo ninayoitafuta. Kisha naangalia umbali kati ya alama hizo: makali yakija mbali mno na kichekesho kilichoyazaa, msomaji hulisahau deni; yakija karibu mno, hapati muda wa kulifurahia. Nikiwa na shaka, nakata sentensi ya mwisho. Katika hadithi zangu saba kati ya kumi, sentensi ya mwisho huwa ni mimi nikieleza. Na mara nyingine nahamisha usimulizi: namwondoa anayejua, nampa asiyejua, au nampa aliyekuwa anacheka. Mabadiliko hayo peke yake yameokoa hadithi ambazo nilikuwa nimeshazika.

Jambo la mwisho, kwa wale wenye haraka. Watu hudhani kichekesho ni kazi nyepesi inayoandikwa baina ya kazi nzito. Mikhail Zoshchenko, mmoja wa waandishi wa vichekesho waliopendwa sana katika Umoja wa Kisovieti, mwaka 1946 alishutumiwa hadharani na chama kilichokuwa kikitawala, kisha akafukuzwa katika chama cha waandishi. Wenye mamlaka walikuwa wamesoma vizuri. Walijua hadithi zile fupi za makarani na majirani wagomvi zilikuwa zinamdai nani.

Nimewaambia mengi, na muda niliopewa unakwisha. Nitatumia dakika zilizobaki kuwasomea ile hadithi ya matangazo. Nyinyi mnajua tayari kilichomo ndani ya nyumba ya mzee, kwa hiyo hamtaisikia kama wengine walivyoisikia. Nataka nione kama bado mtacheka kwenye mlango, na kama mtacheka, nitaweka alama yangu ya penseli. Inaanza hivi:

"Siku tuliyoona tangazo la kwanza tulikubaliana sote kwamba mzee amekosea neno moja, na kwa kuwa sisi ni majirani wema, tulimsahihishia."